Asubuhi Ombati Alipotoka Mwenyewe

Mwanangu, asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote ni ile nilipoketi nje ya nyumba ya rafiki yangu Ombati, nimeutumbulia macho mlango wake. Hata sasa nikisimulia mwili unanisisimka. Ngoja nianzie mwanzo, nisije nikakumalizia utamu.

Tulikuwa vijana wa miaka ishirini na mitatu, huko mbele ya mji wa Ogembo, tumetahiriwa siku moja na kuchuma chai pamoja. Ombati akapanda mti wa avokado kuchuma za kupeleka sokoni, tawi likakatika, akaangukia mgongo. Alilazwa hospitali ya mjini miezi mingi. Aliporudi, mikono ilikuwa hai, lakini miguu haikuwa na habari naye.

Sasa sikiliza desturi yetu. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe akishatahiriwa. Ni heshima, na baba yake Ombati hakuwa mtu wa kuivunja. Kila asubuhi alisimama nje, akakohoa, akauliza kupitia ukutani, "Umeamkaje, Ombati?" Kijana akajibu kutoka kitandani. Ombati aliniambia wazi: hata kama hatatembea tena, anataka kutoka nje mwenyewe anywe chai na baba yake, bila kubebwa kama mtoto.

Mimi niliyetahiriwa naye sikuwa na mwiko. Nilimwosha, nikamvisha, nikamwinua. Daktari wa mazoezi ya viungo alikuwa ametupa ubao laini wa kuweka kati ya kitanda na kiti cha magurudumu, ili Ombati ajivute kwa mikono mpaka akae. Alijaribu mara mbili, jasho likamtoka, mimi nikashindwa kuvumilia. Ubao nikautupa darini, nikawa nambeba mgongoni. Sabato nilimpitisha katikati ya kanisa, na kina mama wakinong'ona kwamba rafiki kama mimi hapatikani. Sifa ni tamu, mwanangu, nisikudanganye. Nilianza kutembea kifua mbele hata siku ambazo sijabeba mtu.

Ombati akawa mkimya. Mikono yake ikaanza kulegea, nami nikadhani ni ugonjwa.

Aliyenifumbua macho ni nyanya yake. Nyanya kwetu huingia kwa mjukuu apendavyo na kumtania, na huyu alimwita Ombati mume wake. Siku moja alinikuta nikimfunga shati mtu mwenye mikono miwili mizima. Akaketi, akanitazama mpaka nikakosea vifungo.

"Wewe unapenda Ombati," akaniuliza, "ama unapenda kuonekana umebeba Ombati?"

Nikainamia vifungo. Akamgeukia mjukuu. "Na wewe bwana yangu, mbona hujamwambia?"

"Nitamwambiaje, magokoro?" Ombati akamjibu nyanya yake. "Yeye tu ndio anakuja."

Niliumia sana. Kumbe alikuwa akivumilia msaada wangu kwa hofu ya kunipoteza. Nikapanda darini kuushusha ule ubao huku machozi yananitoka, na nyanya ananicheka.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, ya kusimama karibu bila kugusa. Alihangaika juu ya ubao huku mimi nimefunga mikono nyuma ya mgongo na kuuma midomo. Akisema "shika," nashika. Akisema "wacha," naacha. Nilisawazisha kizingiti, nikachimba njia ya kuzunguka mteremko ili kiti kisiporomokee migombani, yeye akinielekeza pa kupinda. Alianguka mara kadhaa, na mara nyingine tulicheka hadi tukashindwa kuinuka wote wawili.

Basi, asubuhi ile akanifukuza. "Toka, ukae na tata," yaani baba yake. Mzee akaja, akashangaa kunikuta nje, akaketi kando yangu. Tukasikia ubao ukigonga kitanda, kisha kimya. Kimya kikazidi. Mzee akainuka, akafika mlangoni, akauinua mguu aingie.

"Tata, kaa," sauti ikatoka ndani. "Nakuja polepole. Mos mos."

Mzee akarudi akakaa. Magurudumu yakalia, mlango ukasukumwa, na Ombati akatokea amelowa jasho, vifungo vya shati vimepishana, anacheka. Akajisukuma hadi kwa baba yake, akampa mkono. Mzee aliushika akakataa kuuachia. Alitaka kusema jambo kubwa, likatoka lile lile la kila siku.

"Umeamkaje, Ombati?"

"Nimeamka mzuri, tata."

Nyanya akapiga vigelegele kutoka jikoni, chai ikaletwa, nami nikakimbia mashambani kuwatangazia wachuma chai kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza. Furaha ile hakuna sifa ya kanisani iliyowahi kunipa. Leo Ombati ni mzee mwenye wajukuu, na juzi tu amenifukuza tena nilipotaka kumsukuma kilimani.

Kwa hiyo mwanangu, rafiki yako akipooza, nenda kwake, na uendelee kwenda hata wengine wakichoka. Shikeni maagizo ya daktari. Muulize anataka nini kabla hujanyoosha mkono, na akisema acha, uache, hata kama wewe ungemaliza upesi. Ukisikia watu wanakusifu, jichunguze.

Mungu akupe mikono yenye nguvu ya kubeba, na akupe moyo wa kuifunga nyuma ya mgongo. Na siku ukianguka wewe, akuwekee mtu wa kukungoja nje ya mlango.