Mjenzi Asiyeitwa kwa Jina

Gudrun Sigfusson alikuwa mwanamke wa kuhesabu vijiko baada ya wageni kuondoka. Kwa miaka ishirini na sita aliandika programu za mashine za kukaushia nafaka katika kampuni ndogo ya Winnipeg, na kila asubuhi, kabla hajavua koti, alikagua nani kagusa msimbo wake.

Jumatatu moja ya Oktoba mkulima alipiga simu kutoka Morden, amefura kwa hasira. Ngano yake ilikuwa imekataliwa ghalani kwa unyevu, ilhali mashine ilimwonyesha asilimia kumi na nne kamili, ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Gudrun akajaribu kifaa kama hicho mezani. 14.5 ikasomeka 14, hata 14.9 ikasomeka 14. Desimali zilikuwa zikimezwa.

Akafungua kumbukumbu za mabadiliko. Jina lilikuwa moja tu: Marcel Desrosiers, jirani yake wa dawati. Pale kipimo kinapoundwa, Marcel alikuwa amebadili 14.0 kuwa 14. Na mjenzi wa kipimo kile, sehemu ya programu inayokiunda, aliandikwa kwa kiolezo: hutazama namba aliyopewa, akakisia aina yake, nzima au ya desimali. Akiona 14, basi kwake kila kitu ni namba nzima.

"Nilijua," alinong'ona. "Huyu anakitaka kiti changu."

Hakumwambia neno. Akaamua kumkataza mjenzi kukisia: yeye Gudrun ndiye aitaje aina, ndani ya mabano ya pembe, kama afanyavyo kwa fanksheni nyingine, vile vijiprogramu vinavyoitwa kwa majina. Kompaila, programu inayoutafsiri msimbo kwa mashine, ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Akaanza kuishuku hata kompaila. Pengine Marcel kaichezea.

"Unajichosha bure, mama," Marcel alisema nyuma yake, kikombe cha kahawa mkononi.

"Tangu lini unanichungulia?"

"Tangu uanze kuitukana skrini. Sikia, mabano hayo hubandikwa kwenye jina, na mjenzi haitwi kwa jina. Unataja kitu unachotaka, yeye anakuja mwenyewe. Utayabandika wapi?"

"Kwa hiyo tumwache akisie?"

"Aa-aa. Mkabidhi na kitu cha pili: kibandiko kitupu, kinachobeba aina tu. Akikipokea, ameshajua."

Gudrun akamkazia macho. "Na wewe unafaidika nini?"

"Nitakunywa kahawa kwa amani."

Akaandika. Kompaila ikakubali, na 14.5 ikasomeka 14.5. Badala ya kushukuru, akageuka. "Haya, niambie. Sifuri yangu uliifutia nini?"

Marcel akamfungulia ujumbe wa mwezi Machi: "Ondoa sifuri zote zisizo na kazi katika faili zangu. Gudrun."

Aliusoma mara mbili. Akakagua tarehe, akakagua anwani. Ulikuwa wake.

"Ungeniuliza tu," Marcel alisema, safari hii bila utani.

Gudrun alimpigia mkulima mwenyewe, akakiri kosa ni lake. Kisha akamwomba Marcel akae amsomee majibu ya majaribio kwa sauti, moja baada ya jingine. Marcel akasoma. Gudrun akasimama nyuma ya bega lake, akihakikisha anasoma kilichoandikwa.