Fundi aliyesahihisha saa isiyokosea

Saa tatu asubuhi, sarafu inadondoka ndani ya sanduku la mbao na tumbili wa bati anaanza kupiga ngoma. Anapiga mara tisa, kisha ananyamaza. Mshale mfupi wa saa uko kwenye tisa.

Fundi mwingine angefurahi. Huyu anavua miwani na kujifuta uso kwa kiganja.

"Imepiga sawasawa," ananiambia. "Na hilo ndilo kosa langu."

Mtaani wanamwita Fundi Kesho, maana ndilo jibu lake kwa kila mteja. Ana miaka sitini na mitatu. Kwa miaka thelathini na minane ametengeneza saa za zamani za sarafu, zile za kwenye kumbi za hoteli na vyumba vya kusubiria: unatumbukiza sarafu, jogoo anawika au mwanasesere anacheza kukutajia saa. Chumba chake cha kazi ni hatua nne kwa tano. Rafuni wamepangwa majogoo wawili wasio na vichwa.

Kazi ni chache. "Mwezi mzuri naletewa saa tatu. Mwezi mbaya naletewa salamu," anasema. Mkewe anashona sare za shule, na ndiye anayelipa kodi ya chumba. Mzee hafichi, amechoka hata kuona aibu.

Saa ya tumbili ni ya bibi mmoja asiyeona, mwenye miaka themanini na mmoja. Binti yake aliileta miezi miwili iliyopita, ngoma ikiwa imekwama. Fundi alipoifungua alikuta kile kipande cha shaba chenye ngazi kumi na mbili, kinachompa tumbili hesabu ya mapigo, kimegeuzwa nusu duara na kufungwa kwenye tundu la pili.

"Nikasema, aliyepita hapa alikuwa fundi wa kubahatisha. Mshale uko kwenye saba, ngoma inapiga moja! Nikakirudisha, tundu nikaliziba kwa risasi ya kuyeyusha. Nikajipongeza sana."

Kumbe mwenzake alijua alichofanya. Mshale ukiwa kwenye saba, sisi sote tunasema saa moja. Alimpangia bibi ngoma ihesabu kama watu wanavyosema.

Saa ikarudi nyumbani. Asubuhi ya kwanza bibi alihesabu mapigo saba, akagomba kwamba ameachwa alale hadi mchana bila chai. Jioni akawafukuza wajukuu wakalale, eti ni saa saba za usiku. Wanawe waliitazama saa, wakaona mshale na ngoma vinakubaliana. Wao wana simu. Miaka yote hawakuwahi kuhesabu ngoma. Wakaamua kwamba aliyeharibika ni mama, na mazungumzo ya kumtoa kwenye nyumba yake yakaanza.

Fundi aliyapata haya wiki iliyopita, binti alipopita kumsalimia.

"Mama ndiyo basi tena, baba," alimwambia. "Saa moja yeye anasema saa saba. Kila siku."

"Hapo ndipo nilipoelewa," anasema fundi. "Nikamwambia, mwanangu, niletee hiyo saa niiangalie tena. Sababu sikumwambia. Nilishindwa."

Sasa inabidi tundu lizibuliwe. Ni jembamba kama la sindano, shaba imekonda, na mikono yake inatetemeka tangu mwaka jana. Jana alivunja ncha mbili za keekee ya kutobolea. Kipande kikipasuka, hakuna kingine.

Anabana viwiko mezani na kuanza. Anazungusha kidogo, anapumzika, anazungusha tena. Kwa karibu saa mbili anafanya hivyo, kisha anakifunga kipande upya kwenye tundu la pili.

Saa tano kamili anatumbukiza sarafu. Tumbili anapiga mara tano.

Hatabasamu. Anaegemea ukuta, amefumba macho, na kwa muda nadhani amelala.

"Jumamosi wanawe wanakutana kuamua," anasema. "Nitaibeba mwenyewe. Nataka bibi atumbukize sarafu, ahesabu kwa sauti, na wao wahesabu naye."

Namuuliza atawaambia nini.

"Kwamba mimi ndiye niliyeichezea. Mama yenu hakukosea kuhesabu hata siku moja."