Fimbo ya Pili Nyumbani

Muuzaji alivipanga juu ya kioo cha meza yake, virungu vitatu vya chuma vilivyokunjwa, vifupi na vyeusi kama vipini vilivyopoteza visu vyake.

"Hivi ndivyo wanavyobeba walinzi, dada," alisema. Akachukua cha kwanza, akarusha mkono kando, na vipande vikachomoka kutoka ndani ya mpini kama antena ya redio. Cha! Mteja wake akaruka nyuma, kisha akajifanya hakuruka.

Mteja mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mpiga pasi kwenye duka la dobi. Wenzake walimwita Nyoosha, kwa sababu hata shati lililokata tamaa lilitoka mikononi mwake likiwa limesimamisha kola. Mkono wake wa kulia ulikuwa na nguvu za miaka ya pasi. Wa kushoto, chini ya blauzi ya mikono mirefu aliyoivaa katika joto lote lile, ulikuwa umevimba na kuiva rangi ya zambarau, naye hakutaka kuulizwa habari zake.

Habari zenyewe hazikuwa ndefu. Siku chache nyuma, jua likiwa bado halijazama, alikuwa akirudi nyumbani kwa njia ya mkato nyuma ya maghala. Mwanamume mmoja akatokea, akaushika mkoba, akauzungusha mkono uliokuwa umeushikilia, akambamiza ukutani na kutokomea na mkoba. Alichoambulia mshenzi yule ni bakuli la plastiki na mwavuli uliovunjika ubavu. Mtu mwingine angecheka baadaye. Nyoosha hakucheka, alilia njia nzima kwa hofu na hasira, akanawa uso kwenye bomba la nje, ndipo akaingia ndani na kumwambia mama yake kwamba ameteleza akaangukia mkono. Uongo ulipita bila kikwazo, maana mama yake alikuwa haoni.

Macho ya mama yalizimika polepole, na siku alipohamia kwa bintiye alitoa sharti moja. "Siku nitakayokuwa sababu ya wewe kuumia, nahamia kwa kaka yako. Na usinibembeleze." Hakuwa mtu wa kutania katika mambo kama hayo. Kaka mtu hakuwa mbaya, ila alikaa mbali sana, ghorofa ya juu kabisa, na yeye na mkewe walishinda kazini. Mama angekaa kwenye kiti kimoja kuanzia asubuhi hadi jioni kama mzigo uliosahaulika stendi. Tena, tuseme ukweli, Nyoosha alimpenda mama yake na hakutaka kulala katika nyumba isiyo na kikohozi chake.

Na sababu ya kupita maghalani ilikuwa huyo huyo mama. Kuna jioni moja Nyoosha alichelewa, mama akaamua kujiwashia jiko achemshe chai, akaungua vidole. Toka siku ile binti hakuthubutu kuzunguka kwa barabara kubwa. Alikata maghalani ili awahi chai. Sasa mama akijua kilichotokea huko, angefungasha kesho yake.

Basi ndiyo maana alikuwa hapo dukani, anachagua.

"Hiki kikubwa hapa kikimgusa mtu, hanyanyuki," muuzaji alisema, akisukuma mbele kirungu kirefu kuliko vyote.

Nyoosha akakipima mkononi. "Kizito. Asubuhi nitakiweza, jioni nikitoka kwenye pasi je?" Akakirudisha. Kilikuwa pia hakiingii kwenye mkoba mpya.

Cha pili kilikuwa na kitufe. Ukibonyeza, kinarudi ndani taratibu kwa kusukuma na kiganja, bila kelele. Muuzaji mwenyewe hakukisifia. Alisema springi yake ndogo huchoka, na kikichoka kinaweza kujikunja wakati unakihitaji. Cha tatu, cha urefu wa kati, hakikuwa na kitufe wala mbwembwe. Kilikaza kwa nguvu ya kurushwa.

"Na mpira wa chini uko wapi?" Nyoosha aliuliza.

"Mpira?"

"Wa kuzuia kuteleza."

"Dada, hiki si mkongojo."

Nyoosha akaona haya. Fimbo pekee aliyowahi kununua maishani ilikuwa ya mama yake, na maswali yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya huko. Hata hivyo aliuliza moja la maana: kama sheria inaruhusu. Muuzaji akasema wengi wananunua, jibu ambalo si jibu. Kwa bahati, kati ya wateja wa dobi alikuwamo askari mmoja ambaye sare zake alizinyoosha yeye, na alikuwa amekwisha kumuuliza asubuhi ile.

"Kubeba unaruhusiwa," yule afande alikuwa amemwambia, akipokea suruali zake. "Ila sikiliza, dada. Mlenge mkono au goti, kichwa achana nacho. Ukishapata mwanya, kimbia. Na ukikichomoa halafu ukasitasita, atakunyang'anya, utakuwa umempelekea silaha mwenyewe."

Kwa hiyo akachagua cha tatu. Akakirusha mara kadhaa kwa mkono wake wa pasi, kikafunguka vizuri, muuzaji akamsifu. Ili kukifunga, muuzaji alikisimamisha wima na kugonga ncha yake kwenye sakafu, ko! Nyoosha alifikiria uzito, urefu, mkoba, sheria na springi. Hiyo ko! aliisikia kwa masikio yake mawili na haikumwambia kitu.

Jioni, mama akiwa chumba cha mbele na redio yake, Nyoosha alijifungia chumbani afanye mazoezi. Akakirusha. Cha! Taarifa ya habari ikaimeza ile sauti. Akajiona shujaa mbele ya kioo cha kabati, akampiga gotini adui asiyekuwapo. Kisha akataka kukifunga.

Akakisukuma kwa kiganja, hakikusogea. Akakigonga kwenye godoro, akakigonga kwenye kandambili, akakigonga kwenye taulo lililokunjwa mara nne. Wapi! Kikiwa kirefu vile hakiingii mkobani wala droo, na mama hupapasa kila pembe akitafuta kanga yake. Akasubiri redio ipige muziki, akapiga moyo konde, akagonga sakafu ya saruji. Ko! Hakikufunga. Ko! Ko! Kikafunga.

Na redio ikazimwa.

Mkongojo wa mama ukaja koridoni na sauti yake ya mpira, tup, tup, ukasimama mlangoni.

"Nyumba hii ina fimbo moja," mama alisema, "na ninayo mkononi. Hiyo nyingine ya nani?"

Nyoosha angeweza kusema ni ufagio. Lakini alikuwa amechoka kudanganya, akafungua mlango na kumwaga yote: maghala, mwanamume, mkono, mkoba. Mama alisikiliza amesimama. Halafu akanyoosha mkono, akaupapasa ule uvimbe kwa ncha za vidole vyake, polepole, kama anayehofia kuuamsha.

"Sasa utaniambia unahamia kwa kaka," binti alisema.

"Kwa nini ulipita huko?"

"Niwahi chai yako."

Mama akaomba kirungu, akakipima, akagonga mpini wake kwa kucha. "Umechagua vizuri, hakitingishiki. Kibebe," akasema. "Lakini mbona hukuniuliza kama naweza kusubiri? Niliungua mara moja, ukanifanya mtoto. Kesho pita barabara kubwa. Jiko sitaligusa."

"Nitachelewa, Mama."

"Chelewa. Mimi nitakaa. Na kwa kaka yako siendi. Nikienda, nani atakusikia ukidanganya?"

Kesho yake Nyoosha alipita barabara kubwa, kwenye taa na maduka na watu, kirungu kikiwa kimelala mkobani. Ilikuwa ndefu kweli. Alipofika, jiko lilikuwa baridi na mama alikuwa kwenye kiti chake, mikono juu ya mkongojo, ametulia kabisa.

"Hukuchoka kusubiri?"

"Nichoke na nini? Nimekaa hapa hapa, nasikiliza redio yangu. Wala sikuwa na wasiwasi."

Nyoosha alikuwa ameipiga deki sakafu ile asubuhi kabla ya kutoka. Sasa kutoka kwenye kiti hadi mlangoni palikuwa na alama nyeusi za mpira wa mkongojo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, zimepandana hadi mlangoni pamekuwa doa moja.

"Sawa, Mama," alisema. Akabandika maji ya chai, akachukua kitambaa, akapiga magoti na kuzifuta bila kutoa sauti.