Goroli ya Sita

Nimeificha hii hadithi miaka mingi, na ningeendelea kuificha kama mke wangu hangeianza juzi mbele ya wageni, akafika katikati, akanyamaza, akasema mwenyewe si huyu hapa, amalizie. Basi acha nimalizie. Nilijiaibisha mbele ya mtaa mzima wa Umoja, Nairobi, na hiyo peke yake ningeisahau, kwa sababu mtaa huwa na aibu zake nyingi za kukumbuka, lakini siku hiyo kulikuwa na mtu mmoja ambaye nilitaka sana anione kuwa mtu wa maana, na huyo ndiye aliyenikuta pabaya kuliko wote.

Ilikuwa miaka ya sabini ikiishia, Umoja bado mpya, nyumba zinanuka rangi na watu wameshaanza kuongeza vyumba vya mawe huko nyuma bila kumuuliza mtu yeyote. Mimi nilikuwa karani wa stoo, sina mke, nina baiskeli moja na vyeo viwili: katibu wa klabu na katibu wa kamati ya usalama ya mtaa. (Hakuna aliyenilazimisha. Popote palipohitajika mtu wa kuandika, mkono wangu ulikuwa unainuka wenyewe.) Na nilikuwa na Wambui, mpiga taipu, ambaye tulikuwa tumeelewana kila kitu isipokuwa kitu kimoja, baba yake. Mzee Njoroge alikuwa na shamba kule Nyeri karibu na msitu, na alikuwa ameshasema, si mara moja, kwamba binti yake hatavuka Naivasha kwenda kuolewa. Mimi kwetu ni Bungoma. Ukienda kwetu lazima uivuke Naivasha.

Wambui alilia, mama yake akaomba, mpaka mzee akakubali kuja Nairobi kuniangalia. Kuniangalia tu, alisisitiza, si kuzungumza. Angekuja Jumapili baada ya kanisa, akinipenda sawa, asiponipenda Wambui asiwahi kulitaja jina langu tena mbele yake. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na mimi nilikuwa na wiki mbili za kujifanya mtu mkubwa.

Sasa, klabu yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya uwanja, na ndani mlikuwa na drafti ya kucheza kwa vifuniko vya soda na ubao wa vishale ambao vishale vyake vilikuwa vimebaki viwili. Jioni moja mazungumzo yakaangukia kwenye manati, kwa sababu kila mwanamume pale alikuwa amekulia mashambani akilenga ndege, na ungewasikiliza ungedhani kutoka Bungoma mpaka Murang'a hakubaki ndege hata mmoja. Nikasema basi, maneno yamekuwa mengi, tufanye mashindano. Nikamwendea Fundi Odhiambo, mchomeleaji wetu, akatukatia mabamba matano ya chuma, la kwanza kubwa kama sinia na la tano dogo kama kisahani cha chai, akayaning'iniza kwenye fremu, na badala ya mawe tukakubaliana kutumia goroli kutoka kwenye beringi za magari, kwa sababu goroli ikigonga chuma kinalia, hata mtu aliye nyuma kabisa anajua umepata bila kuambiwa. Jumamosi saa tisa mchana, nikaandika tangazo kwa mwandiko wangu mzuri. Nilichagua Jumamosi makusudi, ili Jumapili mzee akiulizia huyu kijana ni nani, aambiwe ndiye yule aliyeanzisha mashindano jana.

Watu walikuja wengi. Wambui alisimama mbele na gauni la manjano, na mimi nikapanda juu ya kreti la soda nikatoa hotuba ambayo siikumbuki, ila nakumbuka ilikuwa na neno "kihistoria" mara nne. Halafu mwenyekiti wa klabu akatoa filimbi ya timu ya mpira ili aanzishe, akapuliza, ikatoa hewa tu. Kile kidude cha ndani kilikuwa kimepotea. Akapuliza tena, hewa. Watu wakaanza kucheka, na mimi, badala ya kusema tu "haya anzeni" kama binadamu wengine, nikageuka nikaiona reli.

Hii reli niwaeleze. Kilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo kando ya klabu, na miezi michache nyuma, baada ya wezi kutuanulia nguo kwenye kamba mpaka mtu mmoja akaenda kazini na suruali ya ndugu yake, kamati ya usalama ilikubaliana kwamba reli hiyo ikigongwa zaidi ya mara tano, kila mwenye miguu atoke na chochote alichonacho mkononi. Wazo lilikuwa langu. Tangazo lilikuwa langu. Hata nyundo iliyofungwa pale kwa kamba ilikuwa yangu.

Fundi Odhiambo akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Katibu, hiyo si ni ya wezi?"

"Wezi gani saa tisa mchana?" nikamjibu.

Nikagonga mara kumi. Jamani, tatu zingetosha, lakini Wambui alikuwa ananiangalia, na ile reli ilikuwa na sauti tamu, ukigonga mara moja mkono unataka nyingine. Kisha nikarudi juu ya kreti, kwa sababu nilikuwa nimejipangia mimi mwenyewe nifungue mashindano, nikachukua manati na goroli zangu tano. Ya kwanza ilipita juu ya sinia. Ya pili ilipita chini. Ya tatu sijui ilikwenda wapi mpaka leo, ya nne ilipiga mguu wa fremu (nikainua mkono kushangilia, mwenyekiti akatikisa kichwa), na ya tano iliniponyoka ikaangukia kiatu changu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwenyekiti alitangaza matokeo yangu kwa sauti kubwa, sufuri, na nilimwona Wambui amefunika mdomo kwa kiganja.

Ambacho sikujua ni kwamba Mzee Njoroge alikuwa ameshafika mtaani. Alikuja siku moja kabla, makusudi, anikute kama nilivyo. Alikuwa amevaa koti refu na kofia, amebeba mtungi wa maziwa wa alumini, ile mitungi ya kupelekea maziwa kiwandani, amemletea binti yake, na alikuwa anapita nyumba moja baada ya nyingine akichungulia namba kwenye mageti. Na wakati huohuo, Mama Akinyi, ambaye ni jirani yangu na alikuwa anasonga ugali, alisikia reli ikilia mara kumi. Akatoka na mwiko. Akaona mtu asiyemjua, mwenye koti siku ya jua, anachungulia getini, na kitu cha kung'aa mkononi.

Mama Akinyi anasema hakupiga mayowe, aliuliza tu. Mimi nimemjua miaka mingi, na kuuliza kwake mtu wa barabarani anakusikia. Milango ikafunguka, watu wakatoka na rungu, na fagio, na mmoja na pasi ya makaa yenye moto. Mzee alipogeuka akaliona lile kundi, hakungoja kueleza lolote. Watu wa umri wake wa kutoka kule kwao walikuwa wameona mengi walipokuwa vijana, wakati wa vita vya uhuru, wakiona kundi na fimbo hukimbia kwanza. Akaukumbatia mtungi wake, akakimbia kuelekea mahali palipo wazi, na mahali palipo wazi ni uwanjani kwetu.

Mimi niko juu ya kreti, mwenye sufuri, naona mtu anatokea kwenye kona mbio na nusu ya mtaa iko nyuma yake. Nitawaambia ukweli, nilifurahi. Nilijiambia, kumbe reli inafanya kazi, kumbe mwizi wa mchana yupo, na Mungu amenitupia nafasi ya kufuta ile sufuri. Mfukoni nilikuwa na goroli moja ya akiba. Nikaiweka kwenye manati, nikavuta mpaka sikioni, nikalenga miguu, nikaachia.

Ile sauti sitaisahau. Mabamba ya Fundi Odhiambo yalikuwa yanalia vizuri, lakini mtungi wa alumini wenye maziwa ndani unalia kwa namna nyingine kabisa, kama kitu kinachokusikitikia. Mzee alisimama. Akautazama mtungi. Kisha akakaa chini kwenye nyasi taratibu, kofia ikaanguka, kifuniko kikafunguka na maziwa yakaanza kumwagika kwenye koti lake, na klabu nzima ikanishangilia. Walinipigia makofi, mwenyekiti akapuliza ile filimbi yake ya hewa, mtu akaniinua mkono juu.

Wambui hakupiga makofi. Alikuja mpaka kwenye kreti, akaniangalia kutoka chini.

"Wekesa," akasema. "Huyo ni baba."

Nilishuka. Sijui nilishukaje. Kitu cha kwanza kilichonijia si mahari wala Naivasha, ni kwamba kama goroli ingepanda shubiri mbili tu ningekuwa nimemuua mzee wa watu kwa sababu ya kuchekwa, nikamkimbilia pale kwenye nyasi. Niliomba msamaha kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kiingereza, nikaomba kwa maneno matatu ya Kikuyu niliyoyajua, ambayo mawili yalikuwa ya kununulia viazi.  Mzee akamuuliza tu binti yake, huyu ndiye? Wambui akasema ndiye.

Halafu Mama Akinyi akataka kujua ni nani aliyegonga reli. Watu wote waliniangalia. Basi akaenda mlangoni mwa klabu, pale tangazo la usalama lilipobandikwa, akasoma kwa sauti, akifuata kwa ncha ya mwiko, mpaka kifungu cha mwisho: atakayegonga reli bila mwizi kuonekana atazibua mtaro wa maji machafu kwa siku tatu, kuanzia kesho yake, bila kujitetea. (Kamati ilikuwa imeishia kwenye "siku tatu". Maneno mengine niliongeza mimi kwa sababu niliona yanapendeza.) Kwa hivyo Jumapili asubuhi, saa ambayo ningekuwa nimevaa suti ya kumpokea baba mkwe, nilikuwa ndani ya mtaro, matope magotini, na koleo ya kuazima.

Walinikuta hapo wakitoka kanisani. Mzee alisimama ukingoni na koti lililofuliwa, mtungi kwapani, pale palipobonyea pameelekea kwangu, na Wambui yuko nyuma yake. Nikavua kofia. Nikamwamkia, akaitikia, ikawa ndiyo salamu yetu ya kwanza.

"Kutoka pale uliposimama mpaka pale nilipokuwa," akasema, "ni hatua ngapi?"

"Arobaini, mzee."

"Na nilikuwa nakimbia."

"Ulikuwa unakimbia sana, mzee."

Akapapasa pale palipobonyea. "Ulilenga nini?"

Hapo nikakwama. Nikisema nililenga miguu, nimekiri kwamba nilitaka kumvunja mzee mguu. Nikisema nililenga mtungi, Wambui yuko hapo hapo, yeye ambaye aliniona nikikosa chuma kikubwa kama sinia, na nilijua hapendi mtu mwongo. Nikachota tope jingine.

"Alilenga mtungi, baba," Wambui akasema. "Hakutaka kukuumiza."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, kama mtu anayesoma barua aliyoipiga taipu mwenyewe. Nilitaka kulia mle mtaroni. Mpaka wakati huo nilikuwa sijui kwa hakika kama ningeachwa, na hapo ndipo nilipojua sitaachwa.

Mzee akaguna. Akasema shamba lake limepakana na msitu, na nyani wanamaliza mahindi, na vijana wake wote wamehamia mjini, na mtu anayeweza kupiga kitu kinachokimbia kwa hatua arobaini huenda akawa na kazi, hata kama kwao ni mbali. Kisha akaniambia nilipoacha matope upande wa kushoto nirudie.

Tulioana mwaka uliofuata. Na kila mahindi yalipokaribia kukomaa, barua ilikuwa inafika, maneno mawili, nyani wamekuja, na mimi naomba ruhusa kazini, naenda Nyeri, nasimama ukingoni mwa shamba na manati kutoka asubuhi, na baba mkwe amekaa kwenye kigoda nyuma yangu, anaangalia. Sikupiga nyani hata mmoja. Nilisema upepo, nilisema jua, nilisema mpira wa manati umezeeka. Wale nyani walinizoea, kulikuwa na mmoja dume aliyekuwa anakula akinitazama usoni. Miaka kumi na moja, na mzee hakuwahi kusema neno.

Mwaka wa kumi na mbili, nikiwa nimekosa tangu alfajiri, akaniita nikae.

"Wekesa. Ule mtungi hukuulenga."

"Sikuulenga, baba."

"Nilijua tangu mavuno ya kwanza."

Nikamuuliza, kama alijua, mbona kila mwaka ananiandikia barua. Akavunja hindi moja, akanipa nusu.

"Nilitaka kuona utachoka kuja lini," akasema.

Mzee hayuko tena, na manati niliyaacha juu ya dari la nyumba yake, sijayashika tangu siku tuliyomzika. Chuma sigongi pia. Kanisani waliwahi kunipa zamu ya kengele, nikawaambia mgongo unaniuma, na Wambui, ambaye alikuwa amekaa karibu yangu na anajua mgongo wangu hauna shida yoyote, akawaambia ni kweli, unamuuma sana.