Shuka la Jumapili

Beryl Colclough alipachika mikono ya vikombe kwa miaka thelathini na minne katika kiwanda kimoja cha vyombo vya udongo hapa Burslem, Uingereza. Najua kwa sababu nilikaa benchi moja naye, nikipachika vyangu. Hakuna aliyewahi kumpiga picha akifanya kazi hiyo. Alipigwa picha moja tu ya maana maishani, akianika shuka, na ndiyo iliyomponza.

Ilikuwa Machi 1971. Bendi moja ya roki kutoka London, Tallow Men, vijana wanne wenye nywele ndefu na vifua vyembamba, ilikuwa inatafuta picha ya kuweka kwenye jalada la santuri. Mpiga picha wao alizunguka vichochoro vyetu akiwinda huzuni. Akamkuta Beryl uani, mikono juu, vibanio viwili mdomoni. Akapiga, akashukuru, akaenda zake.

Mwaka uliofuata albamu ikatoka. Wanaojua mambo hayo wanasema roki ya Uingereza haijapata nyingine kama hiyo. Mimi nimeisikiliza. Wimbo wa pili una gitaa la dakika tisa. Nilimenya viazi vya watu sita nikavimaliza, na yule bwana bado anaendelea.

Vijana wa London waliona shuka kwenye kamba wakadhani wameona siku ya kufua, wakaiita albamu Jumatatu. Kweli, wanawake wote wa kwetu walifua Jumatatu. Ila mwisho wa uchochoro, juu ya bega la Beryl, picha inaonyesha mlango wa kanisa na watu wamesimama pale na kofia zao. Mtu wa mtaa wetu hakuhitaji kuitazama mara mbili. Ilikuwa Jumapili.

Kumweleza kijana wa leo jambo hili ni kazi. Siku zile ungeweza kulewa Jumamosi ukamrushia shemeji yako koleo la makaa, mtaa ukanung'unika wiki mbili ukasahau. Kuanika nguo Jumapili, waumini wakipita, hapana. Na shuka lake lilianikwa hadi dukani, kwenye kioo, majalada kumi na mawili kwa mstari.

Beryl alijitetea mara moja tu. Alisema ilikuwa Jumatatu na watu wale walikuwa mazishini. Wazee wa kanisa wakamuuliza nani alikufa wiki ile. Hakukuwa na aliyekufa. Wakamtoa kwenye kwaya, na sauti ya pili ya kanisa letu haijawahi kupona.

Dada yake, Enid, alikuwa mwalimu wa watoto kanisani. Hakuolewa, na aliishi nyumba ya pili, ukuta mmoja wa ua kati yao, akimuuguza mama yao Ada aliyekuwa hainuki kitandani. Kwenye kikao kile cha wazee Enid alisimama akasema kila mtu atajibu kwa kamba yake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakumsemesha Beryl. Mama alikufa, wakamzika, kila mmoja kasimama upande wake wa kaburi. Kiwanda kilifungwa. Kanisa lenyewe likawa duka la mazulia. Enid bado kanuna.

Walihitaji mjumbe, na mimi nakaa nyumba ya tatu.

"Mwambie jirani yako paka wake anakojolea maua yangu," Enid alikuwa akiniambia.

"Ni mdogo wako, Dada Enid."

"Nimesema jirani."

Nilipofikisha, Beryl alijibu bila kugeuka kwenye jiko, "Mwambie paka alikufa mwaka juzi. Akatafute mkojo wa mwingine."

Nilibeba maneno ya namna hiyo kwa miaka hamsini, na sikuwahi kupewa hata asante.

Kisha, Machi 2022, Enid akiwa na miaka themanini na tatu, ikajulikana kwamba Jumanne angehamia nyumba ya wazee huko Rhyl, pwani. Beryl alikuja kwangu, akakaa, na chapati za oti na jibini nilizomwekea akaziacha zipoe. Sijawahi kuona hilo.

"Ataondoka hivyohivyo, Norma," akasema. "Sitaki aniombe msamaha. Nataka aniite jina langu tu. Mara moja."

"Nenda wewe ukamgongee."

"Nimegonga miaka ya kwanza yote. Hukuniona?"

Niliona.

Jumapili kabla ya safari hiyo uchochoro ulijaa. Mashabiki wa albamu huja kila Machi kupiga picha ukuta wetu, na huu ulikuwa mwaka wa hamsini. Kiongozi wao, Bwana Pickersgill wa Leicester, mwenye ndevu na fulana ya bendi iliyombana tumbo, alimletea Beryl zawadi: toleo jipya la maadhimisho.

"Mama, hii ina picha nzima," akasema. "Ile ya zamani waliikata ienee kwenye jalada."

Beryl hakuwahi kuishika santuri ile. Lakini sisi watu wa Burslem ukitupatia chombo chochote tunakigeuza kuangalia chapa chini, kimetengenezwa na nani. Hata harusini tunageuza sahani zikiwa na mchuzi. Beryl akaigeuza.

Nyuma ilikuwapo nusu iliyokatwa. Ukuta wa ua, na Enid ametokeza juu yake. Kavaa kofia ya kanisani, kitabu cha nyimbo kakibana kwapani, na kwa mikono miwili anampa mdogo wake shuka jingine bichi.

Nikamgeukia Beryl. "Yalikuwa mashuka ya mama yenu."

"Mama alichafua usiku kucha," Beryl akasema taratibu. "Enid alikuwa na darasa. Akaniambia, nianikie wewe, kwako hawatazami."

"Na ukakaa kimya miaka hamsini!"

"Angefukuzwa ualimu. Alikuwa hana kingine." Akanishika mkono. "Norma, usimwonyeshe. Atakufa kwa aibu. Nakuomba, mwenzangu."

Nampenda Beryl. Lakini nilikuwa nimebeba mkojo wa paka marehemu kwa ajili ya uongo wa watu wawili, na nilikuwa nimechoka. Nikaitia ile santuri ndani ya koti, nikaingia kwa Enid bila kubisha.

Alikuwa amekaa katikati ya maboksi. Nikaiweka magotini pake, upande wa nyuma juu. Aliitazama muda mrefu. Chai yake ikaota utando.

"Yeye ameiona?" akauliza.

"Ameniomba nisikuonyeshe. Anaogopa utaaibika."

Enid akafunika mdomo kwa kiganja. Nilidhani atalia. Badala yake alisimama, akafungua boksi lililoandikwa VITAMBAA, akatoa shuka, akalitia kwenye sinki na kulilowesha chapachapa. Lilikuwa safi. Kisha akavaa kofia yake na kutoka uani.

Kule uchochoroni watu arobaini wenye kamera waligeuka kumtazama. Ajuza wa miaka themanini na tatu, kavaa kofia ya kanisani, anatupa shuka bichi kwenye kamba, saa nne na nusu ya asubuhi, Jumapili. Kona moja ikamponyoka. Vibanio vyake vyote nilikuwa nimemsaidia kuvifunga kwenye maboksi juzi yake.

Upande wa pili wa ukuta Beryl alikuwa amesimama. Sijui tangu saa ngapi.

"Beryl," Enid akasema. Sauti ilitoka na kutu. "Beryl, nipe vibanio."

Mkono ukapita juu ya ukuta na vibanio viwili. Enid akavipokea.

"Vuta hiyo kona," Beryl akasema, machozi yanamtiririka. "Mama hakupenda mikunjo."

"Najua. Mimi ndiye nilikuwa nikimtandikia."

Bwana Pickersgill akainua kamera yake. Nikamwambia kama anapiga, apige nzima.