Shikamoo, Tajiri

Kama umezoea visa vya kutunga, hiki kiweke pembeni, maana mimi kutunga sijui. Shule niliiacha darasa la nne. Ninachojua ni asali, na asali haifichi: ukiichakachua, mnunuzi ataionja tu. Hiki nacho kionje hivyohivyo.

Niulizie pale Kanyenye, Tabora mjini. Nilianza kuuza asali kwenye chupa za soda, natembeza kwa baiskeli ya kuazima. Leo nina duka, nina pikapu, nina nyumba Isevya yenye geti la chuma, na wasomi wenye vyeti vyao wananiita tajiri. Sikurithi hata jembe.

Binti yangu Mwajuma ndiye aliyenifungulia baruapepe kwenye simu, wateja wa mbali wapate kuniagiza. Wateja walikuja, na takataka zikaja nao: umeshinda gari, umeshinda safari, mjane mgonjwa anatafuta mtu wa kumwachia mali. Mwajuma akanionya.

"Baba, hizo za matapeli. Usijibu. Ukijibu tu, wameshajua upo."

"Mimi nimepambana na matapeli wa sokoni wewe hujazaliwa," nikamwambia. "Hawa wa kwenye kioo ndio wanitishe?"

Basi ikaja moja isiyofanana na zile. Haikuahidi kitu. Iliandikwa: "Shikamoo, tajiri. Mzigo wako umekwama njiani. Itikia tuulete." Nikaifuta. Kesho yake ikarudi, nikaifuta tena. Ikawa kila nikishika simu, ipo, maneno yaleyale. Siku moja duka limejaa watu, nikataka kuwachekesha. Nikaandika huku nasoma kwa sauti: "Marahaba. Leteni, nipo!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Mwajuma hakucheka.

Barua zile zikakoma palepale. Nikatamba wiki nzima kwamba dawa ya moto ni moto.

Kisha nikaenda Usinge kufuata asali, peke yangu. Narudi, madumu yamejaa nyuma. Usije ukadhani nilikuwa nasinzia au nimelewa. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na pombe sinywi. Kuna kipande cha msitu kabla hujafika Kaliua ambacho wenyeji husema ndimo ilimopita njia ya misafara, enzi za wapagazi waliotembea na mizigo kichwani mpaka pwani. Mtandao hapo hakuna, kila dereva anajua. Sasa niambie, simu yangu ililia kwa nguvu ya nani?

Nikasimamisha gari, nikasoma. "Tumefika, tajiri."

Nilipoinua macho, alikuwa mbele ya gari. Mzee mwembamba, miguu myeupe kwa vumbi mpaka magotini, kichwani mzigo mrefu uliopinda kidogo, umefungwa kwa kamba za magome. Ndege walikuwa wamenyamaza. Hata injini, ambayo sikuizima, ilinyamaza.

"Shikamoo, tajiri," akasema.

Mzee wa rika la babu yangu, ananiamkia mimi! Mtu yeyote aliyelelewa vizuri angeruka chini, akaomba radhi, akaamkia yeye. Lakini mimi nilishazoea kuamkiwa. Mdomo ukatangulia.

"Marahaba."

"Wengi tunawaamkia," akasema. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka. "Hawaitiki. Nitue, tajiri wangu. Nimechoka."

Unajua mwenyewe, mwenye mzigo kichwani akikuomba umtue, humnyimi. Hata adui hutuliwa. Nikashuka, nikaupokea. Niamini: haukuwa na uzito hata wa kapu tupu. Yule mzee akanyoosha shingo, ikalia kama kuni kavu, nikaona utosini pake pana bonde ambalo ngumi yangu ingeenea. Akacheka huku machozi yanamtoka, kama mtu aliyefunguliwa kifungoni. Kisha mbele yangu ikabaki barabara tu, na mikono yangu ilikuwa mitupu.

Uzito ulikuja nilipokaa kwenye usukani. Ulitua utosini taratibu, kama mtu anayekutwika kwa adabu.

Haujatoka mpaka leo. Hospitali wamenipiga picha za shingo, hawaoni kitu. Mashehe wamenisomea. Mlangoni kwangu napita nimechuchumaa, maana nikipita wima kuna kitu kinagonga juu ya fremu, na kila aliye ndani anakisikia. Kinyozi wangu alipitisha mashine, akaisimamisha. "Tajiri, hapa uliumia lini? Pana shimo." Tangu siku hiyo sivui kofia.

Hayo ningeyavumilia. Lakini juzi Mwajuma kanijia dukani na simu yake, anacheka.

"Baba, umeanza utani? Unaniandikia shikamoo, mimi mwanao! Ngoja nikuitikie."

Sikuwa nimeandika chochote. Simu yangu ilikuwa nyumbani, imezimwa. Mwajuma alipogusa herufi ya kwanza, shingo yangu ikalegea. Ya pili, ikalegea zaidi. Wewe unaujua utamu wa kuinua kichwa baada ya miezi yote hiyo? Nilifumba macho. Namwomba Mungu anisamehe kwa muda ule niliofumba macho. Kisha nikamnyang'anya simu, nikaitumbukiza kwenye pipa la asali, na uzito ukarudi kwa hasira mpaka nikaangukia magoti.

"Baba! Una nini?"

"Usiitikie," nikamwambia. "Hata nikikulilia, mwanangu, usiitikie."

Anwani ile tumeifunga, lakini wateja wa Mwanza na Dar bado wananipigia kusema nimewaamkia. Wewe nawe itakufikia. Itatoka kwangu, itakuita tajiri, na utajisikia vizuri kuitwa hivyo. Ifute, ukalale. Nakuonya leo kwa sababu leo shingo inavumilika.

Mwajuma nilimnyang'anya simu, maana ni damu yangu. Wewe sikujui.