Dada Yangu Alimtaja Mtu wa Pili, Jaji Hakusikia

Admin, ficha jina langu tafadhali, maana mume wangu pia anafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili. Nililelewa Kenya, nikarudi Juba nikaolewa. Tunaishi Munuki na watoto wetu, pamoja na dada yangu mdogo, mtu mzima wa miaka ishirini na tano. Amezaliwa kiziwi na hakuwahi kupelekwa shule. Ishara zake ni zile tulizojitungia wenyewe utotoni. Mama alipofariki, nikabaki mimi tu wa kumwelewa vizuri.

Siku moja nilienda sokoni Jebel. Niliporudi nilimkuta amejikunja nyuma ya kitanda, mdomo umejaa damu, meno ya mbele yamevunjwa, shingoni alama za vidole, gauni limechanika lote. Akanishika, akawa anapigapiga tumbo lake. Hiyo ndiyo ishara ya shemeji yangu, kaka ya mume wangu, kwa sababu ya kitambi chake. Jirani yetu Mganda mwenye duka alinisaidia kumfikisha hospitali. Shemeji alikamatwa akiwa na jeraha bichi mkononi. Dada yangu alikuwa amemuuma hadi nyama ikachomoka, ndiyo maana shemeji alimpiga ngumi za mdomo namna ile.

Mume wangu akaniambia, "Hii ni mambo ya nyumbani. Wazee wataongea, kaka amuoe, khalas, yaishe." Nikakataa kabisa.

Mahakamani wakili wa shemeji alisema, "Mheshimiwa, huyu hasikii wala haongei, na anayemtafsiria ni dada yake. Tutajuaje kama haya si maneno ya dada?"

Jaji, mama mmoja mpole, akaniambia nitoke nje. Niliporudi akasema nimuulize dada yangu kumetokea nini nikiwa nje. Dada akanionyesha kwa mikono, nami nikasema, "Mheshimiwa, umevua kiatu ukakificha chini ya meza." Watu wakaguna. Jaji akainama, akakitoa, akakivaa. Akasema atapokea ushahidi wake kupitia kwangu. Nikaapa kwa Biblia kwamba sitaongeza neno wala kupunguza.

Dada yangu akaeleza vile alivyokabwa, vile alivyouma. Halafu akaonyesha jambo ambalo hata nyumbani hakuwahi kuniambia. Akaonyesha mlango ukifunguka. Akavuta kidevu, kama mtu anayevuta ndevu. Huyo mtu akatazama. Mlango ukafungwa.

Mwenye ndevu ni mume wangu. Alikuwa ameketi nyuma yetu.

"Amesema nini?" jaji akauliza.

Nikasema naona kizunguzungu, nikashika meza. Akaahirisha kesi hadi Jumatatu.

Nyumbani mume wangu, ambaye ishara yake mwenyewe anaijua, alinishika nywele, akanigonga ukutani mbele ya watoto hadi sikio likatoka damu. Hata hakukana. "Ulitaka nifanye nini? Nipigane na ndugu yangu kwa sababu ya bubu?" Akachukua panga, akaligusisha kwenye midomo yangu. "Ukinitaja Jumatatu, huo ulimi nakata."

Nilitoroka na dada yangu tu. Tumefichwa na rafiki yangu, mtaa siutaji. Watoto amebaki nao, na ukoo wake unasema ni wao, sitawaona tena nikimtaja. Nikinyamaza, shemeji bado anaweza kufungwa kwa lile jeraha. Nikisema, wakili atauliza kwa nini nilificha siku ile, na naogopa jaji ataona nimevunja kiapo, autupe ushahidi wote wa dada yangu, shemeji aende nyumbani.

Hapa ninapoandika, sikio bado linauma. Dada yangu amelala kando yangu. Tangu siku ile ya mahakama analala vizuri, maana anadhani nilishamwambia jaji kila kitu. Nyinyi mnaojua mambo ya mahakama, na nyinyi wamama wenye watoto, nielekezeni. Jumatatu jaji atauliza tena amesema nini, nami nimjibu nini?